Viatu vya Babu vya Ng'ambo

Kila jioni, akishaoga, Babu aliketi kwenye kochi la sebuleni, akaweka miguu juu ya kigoda na kuita, "Daktari wa nyayo yuko wapi?"

Chiriku aliacha alichokuwa akifanya, akaja mbio na tochi ndogo na kioo cha mkononi. Shuleni alikuwa na jina lingine, lakini nyumbani alikuwa Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Mama alidai kwamba hata usingizini mtoto huyo aliendelea na mazungumzo.

Alimulika visigino, akapekua katikati ya vidole, huku akisimulia habari zote za darasani. Babu alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na ugonjwa huo ulikuwa umeitia miguu yake ganzi. Angeweza kukanyaga msumari asijue. Muuguzi wa kliniki alikuwa amewaeleza kwamba kwa mgonjwa kama yeye, mchubuko mdogo usipoonekana mapema huweza kuwa kidonda cha kumfanya akatwe mguu.

"Miguu yake haisemi," muuguzi alimwambia Chiriku. "Wewe ndiye utakayeisemea."

Babu mwenyewe alikuwa tarishi mstaafu. Miaka yote ya kazi alipeleka bahasha ofisi hadi ofisi kwa miguu, na mpaka leo alijigamba kuwa hakuna kichochoro mjini asichokijua.

Basi siku moja Mama Mdogo, kitinda mimba wa Babu, alipiga simu kutoka ng'ambo. Alikuwa anamaliza masomo ya udaktari wa mifugo, na alitaka Babu awepo siku ya mahafali. Shule zingekuwa zimefungwa, kwa hiyo Chiriku angemsindikiza.

"Lakini Baba," alisema, "huku ni vilima na ngazi tupu. Mtaa wangu hauingii gari. Nunua viatu vizuri vya kutembelea, uvizoee kabla hujaja."

Jumamosi asubuhi Babu na mjukuu wake waliingia duka la viatu. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani, aliwaletea viatu vya kahawia, vipana mbele, vyenye soli nene.

Babu alicheka. "Mama, hivi ni viatu au mikate?"

Chiriku naye alikuwa ameshamchagulia vingine. Vilikuwa raba nyeupe zenye mistari myekundu, nyembamba, za kupendeza kwelikweli. Babu alizivaa, akatembea mpaka mlangoni na kurudi kwa madaha. Alionekana kama kijana.

"Havikubani, mzee?" mwenye duka aliuliza.

"Hata kidogo! Kama sijavaa kitu."

Babu alipozivua, Chiriku alitumbukiza mkono ndani. Palepale penye kidole kidogo cha mwisho vidole vyake viligusa mshono mgumu, uliojitokeza kama ukingo wa kopo. Alimtazama Babu, akaona alivyofurahi. Akawaza picha watakazopiga huko ng'ambo, Babu na raba zake nyeupe. Babu hakumwambia mwenye duka kwamba miguu yake ina ganzi, na Chiriku, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, hakuutaja mshono ule.

"Vimekupendeza, Babu," alisema mwishowe.

Wakaanza mazoezi. Kila siku jua likipoa walitembea mpaka kwenye geti la shule na kurudi, Babu akitangulia kifua mbele, akisalimia kila mtu ili raba zake zionekane. Siku za kwanza ngozi ilikuwa nyekundu kidogo tu. Chiriku alijiambia kuwa viatu vipya ndivyo vilivyo.

Halafu jioni moja soksi ya Babu ilikataa kutoka. Ilikuwa imegandia damu. Chiriku aliilowesha kwa maji, akaivuta taratibu, akamulika. Ubavuni mwa kidole kidogo ngozi ilikuwa imechunika, nyama yaonekana.

"Babu," alisema kwa sauti ndogo. "Tazama."

Babu alishika kioo, akatazama muda mrefu. Kisha akachungulia jikoni, ambako Mama alikuwa akikaanga vitunguu.

"Mjukuu wangu, jambo hili tulimalize sisi wawili," alinong'ona. "Mama yako akijua, safari imekufa. Nitapaka dawa, nitafunga kitambaa. Mwanangu yule nilimsomesha kwa miguu hii hii. Niache nikamwone akivaa joho lake."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Chiriku hakuwahi kumwona Babu hivyo. Akaitikia kwa kichwa.

Mezani aligeuzageuza chakula chake tu. Mama alimgusa paji la uso. "Chiriku wangu leo kimya? Una homa?"

"Sina, Mama."

Babu aliitazama sahani yake kana kwamba ameandikiwa kitu humo.

Baada ya kula Chiriku alibaki jikoni akisuuza vyombo. Alisuuza kikombe kimoja mpaka Mama akamnyang'anya. Hapo machozi yakamtoka.

"Mama, raba za Babu zina mshono mbaya. Niliujua tangu dukani, nikanyamaza kwa sababu nilizipenda. Sasa zimemchuna. Ana kidonda, na ameniomba nisiseme."

Mama alijifuta mikono, akaenda sebuleni. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akafungua kitambaa, akakiangalia kidonda, akasema, "Baba, kesho asubuhi tunakwenda kliniki."

Babu alimgeukia mjukuu wake. "Hata wewe?" alisema, basi. Maneno hayo mawili yalimchoma Chiriku kuliko fimbo.

Kesho yake muuguzi alikisafisha kidonda na kukifunga vizuri. "Mmekiwahi," alisema. "Kingeingia usaha hadi kwenye mfupa, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Sasa mguu upumzike. Kikipona, mzee atasafiri. Kisipopona, hatasafiri."

Babu alinuna. Jioni hakuita daktari wa nyayo. Chiriku alikwenda hivyohivyo na tochi yake, akakagua, naye Babu akatazama dirishani. Ikawa hivyo siku baada ya siku, mpaka jioni moja Babu akakohoa na kuuliza, bila kugeuka, "Kikoje?"

"Kinaziba, Babu! Pembeni kumeota ngozi mpya!"

"Hebu niletee kioo."

Alipojionea, alitabasamu, na Chiriku akaanza kusimulia habari zote alizokuwa amezilimbikiza.

Muuguzi aliporidhika, walirudi dukani. Safari hii walikwenda jioni, saa ambayo miguu imevimba kidogo, wakamweleza mwenye duka ukweli wote. Alipima mguu mmoja, kisha wa pili, akahakikisha vidole vina nafasi. Chiriku aliingiza mkono katika kila kiatu, akapapasa kila kona.

"Huku laini. Huku laini. Babu, hivi havina ubaya wowote isipokuwa sura."

"Sura nitatoa mimi," Babu alijibu, akavaa mikate yake.

Alivizoea polepole humo ndani ya nyumba kabla ya kutoka navyo nje. Siku ya safari ilipofika, kidole chake kilikuwa kizima.

Kilima cha Mama Mdogo kilikuwa kirefu kweli. Asubuhi ya mahafali walipanda ngazi wakipumzika, wakapanda tena, hadi wakafika kwenye uwanja wa chuo. Mama Mdogo, ndani ya joho lake jeusi, alikuja kuwapokea. "Baba! Umepandaje mpaka huku?"

"Nimepandishwa na huyu," Babu alisema, akimshika Chiriku bega. "Alikataa kunitunzia siri." Kisha akamwinamia mjukuu wake. "Siku ile nilikununia, nikidhani umenisaliti. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nataka safari kuliko mguu wangu. Na nilikutwisha mzigo usiomfaa mtoto, unisamehe. Sikiliza, mjukuu wangu. Anayekupenda hakusaidii kuficha maumivu. Nawe dukani ulinyamaza, ukakosea, lakini ulipoona damu ukasema, tena ukaanza na kosa lako. Fanya hivyo siku zote, na useme mapema, hata kama aliyekuomba unyamaze ni mtu mzima."

Chiriku alimkumbatia kiunoni.

Walipoingia ukumbini wakaketi. Majina yakaitwa, moja baada ya jingine, na jina la Mama Mdogo lilipotajwa, Babu alikuwa wa kwanza kusimama, wima, akipiga makofi mpaka watu wa safu ya mbele wakageuka kumtazama.