Bastola ya Osuri

Milka mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, Jumanne wiki hii, hapo sokoni Kosele tunapouza nyanya meza kwa meza. Alisimulia mgongo wake ukiwa umebana kwenye ukuta wa duka la mbolea, na mimi, mdomo wangu usio na breki, nikamwuliza kama huo ukuta utaanguka asipoushikilia. Hakucheka. Basi yote nitayasema kama alivyoyasema.

Ilianza siku ya kawaida kabisa, siku ya jua na ya kufua. Sammy, mtoto wa shangazi yake Milka, alifika bomani kwa pikipiki kutoka Suna. Huyu Sammy ana chumba cha gemu pale Suna, televisheni nne na viti vya plastiki, na vijana hushinda humo wakipigana vita vya sayari za mbali. Alikuja kumwona Levis, mume wa Milka, ambaye ni fundi wa mbao. Akamwonyesha simu. Ndani ya gemu kulikuwa na wanajeshi wa kofia za kioo wakilinda mgodi juu ya mwezi fulani, na kila afisa alikuwa na bastola kiunoni, nyeusi, nene, inaitwa Korvo.

"Fundi, nataka hii, ya mbao," Sammy akasema. "Nitaitundika juu ya mlango. Mtu akipita barabarani ajue gemu ziko hapa."

"Na hii namba nyekundu hapa nyuma?"

"Hiyo ni ya risasi. Inaanza tisa. Ukipiga moja, zinabaki nane. Wewe nichoree tu tisa."

Levis akacheka, akakubali. Milka alikuwa akianika mashuka, na kwa kweli alifurahi, maana kazi ililetwa na mtu wa kwao.

Shida ilikuwa mbao. Zote alizokuwa nazo Levis zilikuwa bado mbichi, na mbao mbichi hujikunja. Alitoka pale kibandani kwake, akakaa kidogo, akarudi na kipande cha mti mkavu, mweusi kwa moshi wa miaka, urefu wa mkono wa mtu.

"Umetoa wapi hiyo?" Milka akamwuliza.

"Nimeokota."

"Umeokota wapi?"

"Nimeokota, Milka. Si nimesema?"

Hakumtazama aliposema hivyo. Milka ameolewa miaka saba na anamjua mwanamume wake akidanganya, sikio moja humcheza. Lilicheza. Lakini aliacha, kwa sababu nani ataanza vita nyumbani kwa ajili ya kipande cha mti?

Ijumaa alasiri, kabla Sabato haijaingia, bastola ilikuwa tayari. Yawa, Levis ana mikono! Ungeapa ni chuma. Akaipaka rangi, akachora tisa nyekundu kwa brashi nyembamba, kisha akamwelekezea jogoo aliyekuwa akichakura uani. "Paa!" akasema. Jogoo akaendelea kuchakura. Wote wawili wakacheka.

Jumamosi asubuhi, akitafuta viatu vyake vya kanisani, Milka akaiona kwenye meza ya kazi. Nyuma palikuwa na nane.

Alidhani ni mchezo wa Levis. Jumapili Sammy alipokuja kuitazama, naye akauliza, "Si nilisema tisa?" Levis akaapa kwa jina la baba yake kwamba alichora tisa. Sammy akaigeuzageuza, akamwelekezea mbwa aliyelala kivulini, akapiga "paa" yake na yeye, akasema irekebishwe namba na iongezwe vanishi, atairudia wiki ijayo. Levis akachora tisa nyingine juu ya ile nane, Milka akiona kwa macho yake.

Jumatatu asubuhi ilikuwa saba. Haikuwa na alama ya kufutwa wala ya kuchorwa upya. Na jogoo alikuwa amelala chali uani, amekufa.

Hapo Milka akaanza kumshuku mama mkwe. Phelesia anakaa boma hilohilo, nyumba ya nyasi upande wa pili wa ua, mjane wa Mzee Wangwe aliyekuwa mwanajeshi enzi zake. Ni mama wa maneno machache na macho mengi. Nani mwingine angepita kibandani usiku watu wakiwa wamelala? Nani hakupenda kazi iliyoletwa na mtu wa Suna? Milka alikuwa bado anayapanga hayo kichwani Phelesia alipovuka ua, akamwinua jogoo, akamnusa. Katikati ya macho ya jogoo palikuwa na doa dogo jeusi, la mviringo. Mama akamweka chini polepole. Akaingia kibandani, akaishika ile bastola, akapitisha kidole kwenye mpini mahali ambapo rangi haikufika vizuri.

"Nyar Suna, huu mti umetoka wapi?" akamwuliza Milka, akimwita kwa kwao.

"Muulize mtoto wako, Mama."

"Ni ndugu yako ameleta mchezo wa bunduki kwa boma la askari."

Akaiweka, akatoka, akaenda zake bila kugeuka. Milka alichemka. Miaka saba, kila kibaya ni ndugu yako, ni watu wenu! Akaiokota bastola, akauelekezea ule mgongo uliokuwa ukivuka ua, na kwa midomo tu, bila sauti, akasema "paa". Akajisikia nafuu kidogo. Akairudisha mezani, akaenda kutia sufuria jikoni.

Jumanne namba ilikuwa tano.

Sasa Milka alikuwa na hakika. Alilificha kopo la rangi nyekundu chini ya kitanda, akaficha na brashi, akasema tuone huyu mama atachora na nini. Alishinda mlangoni akichambua omena, jicho likiwa upande wa pili wa ua. Phelesia hakutoka kwake siku nzima. Namba ilibaki tano, na Milka akajipongeza kwamba amemweza.

Jumatano, mbwa hakuamka. Alikuwa na doa katikati ya macho. Milka aliinama karibu, akasikia harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

Alhamisi Levis aliamka akilalamika kichwa. Saa nne hakuweza kushika randa. Alikaa kwenye rundo la vumbi la mbao, jasho likimtoka, na Milka alipomfuta uso kwa kitambaa akaliona. Katikati ya paji. Dogo. Jeusi. Akafuta tena. Halikutoka. Akanusa kitambaa. Kiberiti.

Jogoo, Ijumaa hadi Jumatatu. Mbwa, Jumapili hadi Jumatano. Siku tatu, tatu.

"Levis. Nani alikuelekezea hii kitu?"

"Hakuna."

"Jumatatu! Fikiria Jumatatu!"

"Hakuna, nakwambia. Nilipiga tu picha ya kumtumia Sammy." Alinyoosha kidole. Pale kwenye kona lilikuwa limesimama kabati la mwalimu mmoja, lenye kioo kirefu mlangoni, linangoja kuchukuliwa. "Nilijipiga kwa kioo, nimeishika hivi. Milka, kichwa kinapasuka."

Milka akakitazama kile kioo. Kilikuwa kizima, isipokuwa tundu moja la mviringo, usawa wa paji la Levis.

Alivuka ua mbio, bastola imefungwa kwa leso, akamkuta Phelesia akichagua maharagwe kwenye ungo. "Mama, umemfanya nini mtoto wako?" alipiga kelele. "Anakufa! Niambie umefanya nini!"

Phelesia hakuinua sauti. Aliuliza tu kuhusu doa, na liko wapi. Kisha akasema, "Njoo nyuma ya nyumba."

Nyuma ya nyumba, chini ya upenu, ulilala mti mmoja mrefu uliokatwa ncha kwa msumeno, mkato bado mweupe. Ilikuwa osuri ya Mzee, ule mti unaochomoza juu kabisa ya paa la nyasi kuonyesha kwamba boma lina mwenyewe. Mzee alipokufa uliteremshwa, ukalazwa pale, na hakuna aliyeugusa hata kwa kuni. Levis ndiye aliyeugusa. Sikio lake lilicheza kwa haki.

"Baba yao alikuwa na jambo moja," Phelesia akanong'ona. "Risasi. Alisema jeshini kila risasi hujibiwa. Nani amepiga, amepiga nini. Isiyojibiwa, hakuna mtu analala. Mlete Levis. Mpigie ndugu yako. Kila mmoja aseme yake kwa kinywa chake, na hiyo kitu irudi hapa."

Milka alimburura mumewe kuvuka ua. Jua lilikuwa la saa sita. Bastola ikalazwa kwenye udongo kando ya ule mti, namba ikitazama juu. Simu ikawekwa spika.

"Sammy, sema ulipiga nini," Milka akasema.

"Kwani kuna nini huko?"

"Sema!"

"Mbwa. Nilimpiga mbwa. Ni mchezo tu, dada."

Mti ukalia kidogo, tik, kama mbao inayokauka.

"Jogoo," Levis akasema, amefumba macho. Tik. "Na mimi mwenyewe. Kwa kioo." Tik.

Walingoja. Levis alikuwa bado anatetemeka, doa bado liko.

"Tisa," Phelesia akasema. "Zimebaki tano. Zimepigwa nne. Zimejibiwa tatu."

Hapo ndipo Milka alipokumbuka. Uliona alivyofanya, na mimi niliona aliponisimulia, lakini yeye aliniapia kwamba hadi dakika ile lilikuwa limemtoka kabisa. Siku nne alikuwa akimtafuta mchawi. Alifungua kinywa. Mume wake alikuwa anakufa miguuni pake, na neno moja tu lilihitajika. Lakini lile neno lingesemwa mbele ya mama huyu, na mbele ya mtoto wa mama huyu. Lilikwama. Alitazama chini.

Phelesia alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Milka zaidi.

"Hiyo ni yangu," mama akasema. "Mimi Phelesia. Nilipiga moja. Nilipiga mgongo wangu."

Tik.

Levis akashusha pumzi. Akafumbua macho. Akajipapasa paji, na vidole vikatoka na masizi, ngozi iko safi. Akamtazama mama yake. Kisha, polepole, akageuka akamtazama Milka.

"Nendeni mle," Phelesia akasema. "Mimi nimalize maharagwe."

Saa kumi Milka alimpelekea chai. Alimkuta ameketi kwenye kiti chake kifupi, ameelekea ukutani, ungo uko mapajani, maharagwe yote yamechaguliwa. Alimwita mara mbili. Kwenye blauzi, katikati ya mgongo, palikuwa na doa dogo jeusi. Nyumba nzima ilinuka kiberiti.

Tulimzika, mimi nilikuwepo, nilipika uji. Watu walisema ni moyo. Sammy hakuwahi kuja kuchukua bastola yake, na nafasi yake juu ya mlango kule Suna sijui aliijaza na nini. Ile kitu ilibaki palepale nyuma ya nyumba, tano yake ikitazama juu.  Levis alirudi kwenye randa yake, na akiongea na mkewe ni mambo ya chumvi na sabuni.

Jumatatu hii Milka alikwenda kufagia nyumba ya marehemu. Akapita nyuma. Ilikuwa mahali pake, imelala vilevile, vumbi juu yake. Nyuma iliandikwa nne.

Alirudi kibandani.

"Levis, umeenda nyuma ya nyumba ya mama?"

"Nikafanye nini?" Hakuinua kichwa. Lakini sikio, aliniambia, lile sikio lilicheza.

Ndio maana Jumanne alikuwa ameshikilia ukuta. Nilimwambia aende kwao Suna, aende leo leo, nauli nitampa. Akasema atafikiria. Jana alikuja, akauza, akashinda ameegemea hapohapo, hata maji hakuinuka kunywa.

Leo ni Alhamisi. Meza yake imefunikwa gunia na simu yake haishikwi. Nimezunguka upande wake kumwekea nyanya zake kivulini, nikaangalia ule ukuta wa duka la mbolea, usawa wa mgongo wa mtu aliyeketi. Kuna doa dogo jeusi, la mviringo. Nimelifuta kwa kanga yangu mara tatu.