Askari wa Meza ya Nne

Mfuniko wa sufuria ulianza kugonga gizani saa kumi alfajiri. Upepo wa Chunya ulikuwa umepenya jikoni kwa shangazi yake Yusta, alikofikia kwa mashindano, unauchezea mfuniko kama mtoto aliyekosa usingizi. Yusta alimfunika vizuri bintiye Blessing, wa miaka mitano, aliyemwita shangazi huyo bibi, akabaki anapiga hesabu za mchezo wake kichwani mpaka mfuniko ulipotulia, saa kumi na moja na nusu.

Saa mbili asubuhi alisimama ukumbini na Blessing, mbele ya meza ya nne, akajua amechezewa.

"Askari huyu hakuwa hapa," alisema.

Jumamosi jioni umeme ulikatika kabla mchezo wake wa chesi na Dastan, kijana wa timu ya Iringa, haujaisha. Waliacha kete ubaoni, karatasi za kuandikia hatua chini ya ubao, ukumbi ukafungwa. Mwamuzi, Mzee Anania, alikuwa bado njiani kutoka Songea. Akifika angezitazama kete, aamue upande upi umesimama vizuri. Mshindi angekwenda Dodoma miezi mitatu kusomea ukocha, akirudi apewe kazi ya kufundisha shuleni. Ikiwa sare, ingepigwa kura ya bahati kati yao. Yusta, muuza viazi wa Uyole anayesoma masomo ya jioni, hakuwa na mlango mwingine wa namna hiyo. Ndiyo maana kocha wa Dastan, mwalimu Ezekia, alipomfuata jana mlangoni na kumnong'oneza, "Mama Blessing, tumalize kwa sare, kura haina aibu," alimkatalia palepale.

Sasa karatasi zote mbili hazikuwepo. Na askari aliyemkinga mfalme wake mweusi alikuwa amesogea hatua moja mbele. Pengo aliloliacha lilitosha malkia wa Dastan kuingia na kumaliza kazi.

Mzee Anania alifika saa tatu, bado ana vumbi la safari kwenye nyusi.

"Una shahidi, mama?"

"Ninalo vumbi, mzee. Naomba mtu asiguse meza."

Yusta alimwinua yule askari kwa ncha za vidole. Chini yake palikuwa na vumbi jekundu, sawasawa na ubao mzima. Mraba wa nyuma yake ulikuwa na duara safi, upana wa kitako cha askari.

"Upepo ulioleta vumbi hili ulianza saa kumi, ukaisha saa kumi na moja na nusu. Wakati unavuma, askari alikuwa hapa kwenye duara. Aliyemsogeza alikuja baadaye."

Funguo alikuwa nazo Mbuke, mfagiaji wa ukumbi. Macho yote yakamgeukia.

"Dada Mbuke, ulifuta meza hii?" Yusta aliuliza.

"Niliambiwa nisiguse, sikugusa. Ningefuta, hilo vumbi mngelionea wapi? Au mnadhani sisi tuliotoka Usangu tunafuta kwa macho?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nilifungua saa kumi na mbili, nikaenda bombani. Narudi, namkuta mwalimu Ezekia anachukua koti lake. Saa moja akaja huyu kijana, akasimama hapohapo ulipo."

"Mimi?" Dastan alisogea mbele. "Nilikuja kuangalia ushindi wangu. Nimguse askari wako wa nini, dada? Mimi nina malkia, wewe una ngome na askofu. Sasa mimi na wewe nani tajiri?"

"Nani alikwambia unashinda?"

"Mwalimu. Jana amenipigia hesabu mara tatu. Mpaka nyumbani Idodi nimeshapiga simu."

Yusta alimtazama machoni. Kijana hakuwa anadanganya. Alikuwa anajisifu tu, kama alivyojisifu tangu Ijumaa.

"Mzee," alisema, "meza hii inadanganya macho. Ukihesabu kete, weupe wanashinda. Dastan kahesabu, akalala usingizi wake. Anayejiona ameshinda haamki kuiba. Aliyesogeza askari ni mtu aliyeitazama meza akaona weupe wanakufa." Akamgeukia Ezekia. "Mwalimu, malkia wenu alikuwa anashinda. Jana uliniomba sare ya nini?"

Ezekia aliubana mfuko wa koti lake kwa mkono.

"Mwalimu," Dastan alisema taratibu. "Mfuko wa koti."

Karatasi mbili zilitoka zimekunjwa mara nne. Ezekia aliziweka mezani bila kumtazama mwanafunzi wake.

"Kumbe ulijua nimefungwa," Dastan alisema. "Ukaniacha nipige simu nyumbani."

"Nimefundisha miaka kumi na tisa," Ezekia alisema, "sijapeleka hata kijana mmoja Dodoma. Na nafasi yenyewe inakwenda kwa nani? Mama mwenye mtoto mdogo. Miezi mitatu utamwachia nani? Wiki ya pili ungerudi, nafasi ikapotea bure."

"Hukuniuliza," Yusta alisema. "Uliamua tu. Ungeniuliza ungejibiwa."

Mzee Anania alimwamuru Ezekia atoke, naye akatoka na koti lake mkononi.

"Kwa udanganyifu huu, mama, ushindi ni wako."

"Siutaki hivyo."

Yusta alilionyesha lile duara safi.

"Mrudishe askari kwenye duara lake, mzee, halafu pima. Sitaki huko Dodoma niitwe mshindi wa kosa la mtu. Kama meza yangu ni mbaya, niambie ni mbaya, nirudi kwenye viazi vyangu."

Mzee alivaa miwani, akamrudisha askari. Alilinganisha kete na karatasi, hatua kwa hatua, kisha akakaa dakika ishirini kidevu mkononi. Dastan naye aliinama, akawa anatazama kama anaiona meza hiyo kwa mara ya kwanza.

"Malkia ni jembe kali," mzee alisema mwishowe, "ila ni jembe moja, na mashamba hapa ni mawili. Akimlinda mfalme, askari mweusi wa pembeni anapita mpaka mwisho, anakuwa malkia. Akimfuata askari, ngome na askofu wanamkuta mfalme hana hata ua. Weusi wamesimama vizuri zaidi. Sana."

Dastan alinyoosha mkono. Yusta akaupokea.

Mzee akavuta fomu. "Dodoma, miezi mitatu, kuanzia mwezi ujao. Kuna kizuizi chochote nyumbani?"

Watu walimgeukia Yusta, wengine wakishusha macho kwa binti aliyeshika kanga yake. Kabla mama hajapata neno, Blessing alimjibu mzee kwa sauti:

"Mimi nitakaa kwa bibi."