Kipande cha Kuonja

Jumamosi asubuhi soko la Manika, mjini Kolwezi, halina njia. Mtu hupita pale mwenzake alipotoka tu. Mbombo alikuwa amechutama mbele ya rundo la mapapai yaliyoiva kupita kiasi, akiyaminya moja moja kwa kidole gumba, kikwembe chake, kitenge cha njano chenye ndege wa buluu, amekikunja magotini kisiguse matope. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na wauzaji wa pale walimwogopa kwa jinsi alivyojua kushusha bei.

"Mama, mapapai ya kuoza unafanyia nini?" sauti ya kiume ikauliza juu ya kichwa chake. "Ao unayazika?"

Akainua macho. Aliona kwanza mabuti ya mpira yenye udongo mwekundu, halafu suruali ya jinzi, fulana nyeupe iliyobana kifua, na mwishoni kabisa tabasamu lenye mwanya.

"Ni ya imbwa," alijibu.

"Imbwa?"

"Imbwa ya bazungu. Nakata, nakausha, nauzisha. Papai, maembe, karoti, viazi. Inakula vile batoto banakula bonbon."

Kijana akashika kichwa. "Yezu wangu! Imbwa ya Kolwezi inakula dessert, na mi tangu jana niko na karanga tu mu tumbo!"

Mbombo hakutaka kucheka, akacheka. Kijana akabeba kiroba chake mpaka kwenye taxi-moto, na kabla pikipiki haijaondoka alikuwa ameshapata namba yake ya simu. Aliitwa Mechack. Alikuwa mchimbaji, mmoja wa wale vijana waliotoka pande zote za nchi kuja kuchimba shaba na kobalti kwa mikono. Yeye alitokea Dilolo, mpakani na Angola.

"Kama imbwa inabakisha," alimwambia, "unipigie."

Kazi ile Mbombo aliijulia jikoni kwa mke wa injinia mmoja wa kigeni, alipokuwa mfanyakazi wa nyumbani. Bibi yule alipoondoka nchini, Mbombo akaiendeleza uani kwa mama yake, mama Agnès. Embe alilikata mbali na kokwa, papai alilikwangua mbegu zote, viazi vitamu alivichemsha kidogo tu kabla ya kuvikata. Kitunguu hakikukaribia meza yake, kwa sababu kitunguu huharibu damu ya mbwa. Vipande alivipanga juu ya nyavu za waya na kuvifunika kwa chandarua, maana malori ya madini yalipita barabarani kutwa nzima na vumbi lao lilitua hata ndani ya sufuria. Baada ya siku mbili za jua alivimalizia kwenye oveni ya makaa, mpaka vikunjike bila kuvunjika.

Mechack akaanza kuja Jumapili baada ya misa. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamenya viazi, akaiba maembe. Pakiti moja aliibeba kwenda nayo shimoni, na wenzake wakamwita Imbwa ya Mbombo. Jina lenyewe halikumchukiza hata kidogo. Siku mbili hazikupita bila simu kulia, Mbombo akapokea na kusikia mtu anabweka.

"Wouu! Sheri, mupenzi, imbwa yako iko na njaa."

"Imbwa yangu haina adabu. Iko wapi?"

"Mu shimo, metre makumi mbili chini. Nimetoka nje kidogo nisikie tu sauti yako, kisha narudia."

"Urudie muzima, Mechack."

"Nikifa, utanikausha?"

"Nyamaza, mupumbavu!" Na alipokata simu alibaki anatabasamu peke yake mbele ya karoti.

Mwezi wa tano Mechack alimletea kisu alichomtengenezeshea kwa fundi wa kuchomelea vyuma, kisu chenye makali ya mawimbi. Tangu siku ile kila kipande cha Mbombo kilitoka na kingo za mawimbi, na hapakuwa na mwingine mjini aliyekata hivyo.

Ni mwezi uleule ambapo tata Tshiamala alimtafuta. Alikuwa mzee wa khaki iliyopigwa pasi, mkuu wa mbwa kumi na wanne wa kampuni ya ulinzi. Aliziona pakiti kwa mteja fulani, akataka apelekewe kiroba kila Alhamisi. Alikuwa na sharti moja. Yeye mwenyewe angechagua kipande, na Mbombo angekila mbele yake kabla mbwa hawajapewa.

"Batu wengi banapenda imbwa zangu zikufe," alisema. "Chakula isiyoonjwa haiingie hapa."

Mbombo alimsimulia Mechack juu ya mzee anayemlisha chakula cha mbwa kwa lazima, na wakacheka mpaka machozi. Ambalo hakumsimulia ni mahali mbwa wale walipofanyia kazi. Walilinda ukuta wa mgodi ambao Mechack na wenzake waliuruka alfajiri kwenda kuchimba. Alijiambia atamweleza Jumapili. Jumapili nane zikapita.

Mwezi wa nane simu ya Mechack ikanyamaza. Siku ya nne Mbombo alimkuta kwenye zahanati ya mtaani, amelala kwenye kitanda cha chuma, mguu wa kushoto umefungwa bandeji toka goti mpaka kifundo.

"Sheri! Nini imekufikia? Juu ya nini haukunipigia?"

Mechack alimtazama kama mtu anayesoma bango lililo mbali. "Imbwa iliniluma. Iliniangusha karibu na ukuta, ikashika nyama ya mguu, haikuachia. Nililia mama yangu. Kisha mulinzi akapiga filimbi, ikaachia. Akaingiza mukono mu sakoshi ya kiunoni, akaipa zawadi. Kiazi. Iko na mawimbi."

Mbombo alikaa chini pale pale sakafuni.

"Mi nilikuwa nyama, Mbombo. We ulikuwa dessert."

"Mechack, sikujua banaipatia vile…"

"Ulijua imbwa ni ya wapi?"

Mbombo akashika ukingo wa kitanda.

"Ulijua. Bon. Enda ukaushe maembe yako. Na usilie hapa, bagonjwa banalala."

Alhamisi iliyofuata alimuuliza tata Tshiamala kama ni kweli walinzi huwapa mbwa viazi vyake wakishang'ata mtu. Mzee alishangaa swali. "Imbwa isipopewa kitu, inasahau kazi," alisema. Mbombo akakusudia kuacha. Hakuacha, kwa kuwa kiroba kile ndicho kilichonunua dawa za presha za mama yake, na kila Alhamisi alitafuna kipande chake kwa shida zaidi kuliko cha wiki iliyopita.

Wiki tano baadaye Mechack alifungua geti la uani, anachechemea juu ya fimbo, shati jeupe limepigwa pasi, kikwembe kipya kimekunjwa kwapani.

"Hasira imeisha," alisema. "Mi bila we siko mutu. Nataka kukuoa, Mbombo. Nitume bajomba kwa mama yako?"

Mbombo alimkumbatia kwa nguvu mpaka fimbo ikaanguka. Mama Agnès alitoka jikoni akipiga vigelegele, mikono ina unga, na siku ile walikula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kana kwamba arusi imeshaanza.

Wakarudi kwenye maisha yao. Mechack alikuja kila siku sasa, maana mguu haukumruhusu shimoni. Alimenya, alipanga, alitania. Tena aliuliza maswali, na Mbombo alifurahi kuulizwa, akidhani ni dalili ya kusamehewa.

"Banakula yote kwa mara moja, imbwa zile?"

"Alhamisi asubuhi, ndiyo. Tata anapiga filimbi, zinapanga mustari kama banafunzi."

"Na ile iliniluma?"

"Tigre. Anasimama wa kwanza." Akamgusa bega. "Ukitaka, naacha kuwauzishia. Sema tu."

"Apana, sheri. Usiache."

Jumatano moja alasiri alijitolea kufunga pakiti peke yake ili Mbombo asukwe nywele kwa jirani. Aliporudi, kiroba kilikuwa tayari kimeshonwa mdomo, na Mechack ananawa mikono kwa sabuni. Alinawa kwa muda mrefu.

Kesho yake, saa mbili na nusu, Mbombo alisimama kwenye banda la mbwa na misuko yake mipya. Mbwa walikuwa mstarini, Tigre mbele, ulimi nje. Pembeni ya geti alilala Bijou, mbwa jike mzee ambaye meno yalimwishia na hakupelekwa tena ukutani. Huyo ndiye Mbombo aliyempenda. Kila alipofika, Bijou alijikokota kuja kuweka kidevu juu ya kiatu chake.

Tata Tshiamala alifungua pakiti, akachagua kipande cha kiazi, akampa. Simu ikalia.

"Sheri," sauti ya Mechack ilikuwa imekauka. "Uko wapi?"

"Kwa tata Tshiamala. Nitakupigia…"

"Ulisha onja?"

"Bado. Kiko mu mukono."

Alimsikia anavuta pumzi.

"Usikule."

"Nini?"

"Mbombo, usikule. Sema tumbo inakuuma, sema meno. Acha imbwa zikule. We usikule." Simu ikakatika.

Alikitazama kipande kati ya vidole vyake. Mawimbi yake ni yaleyale, rangi ni ileile. Juu yake palikuwa na mng'ao mdogo kama wa mafuta, na yeye hakuwahi kutia mafuta.

"Onja basi, mama," mzee alisema. "Askari wangu banangoya."

"Tata, samahani. Naona bimeota ukungu. Nabirudisha, nitaleta bingine kesho."

"Ukungu wapi? Hii safi kabisa. Hata Bijou amependa."

Mbombo akageuka. Wakati yeye anaongea na simu, mzee alikuwa amesahau sharti lake mwenyewe na kumtupia Bijou kipande kimoja, kama mtu anavyompa bibi yake kitu kitamu kabla ya wageni. Bijou alikuwa anakitafuna kwa ufizi, taratibu, amefumba macho. Akameza. Kisha akajikokota kuja kuweka kidevu juu ya kiatu cha Mbombo.

Angeweza kupiga kelele. Lakini angepiga kelele, mzee angeuliza ni nani, na jina lingekuwa moja tu. Akainama akafunga mdomo wa kiroba, akafunga fundo la pili, na la tatu, huku kidevu cha Bijou kikianza kutetemeka juu ya kiatu chake.

Haikuchukua muda. Tata Tshiamala, aliyefundisha mbwa wale wote kurarua miguu ya watu, alipiga magoti kwenye vumbi na khaki yake safi, akamshika Bijou taya, akamwita kwa majina ambayo huitwa mtoto mchanga. Mbwa alipotulia, mzee aliinuka, akampiga Mbombo kofi lililomtoa hereni.

"Nani?"

"Ni mi," Mbombo alisema. "Nilitega dawa ya panya nyumbani. Labda ilimwagika juu ya viazi. Ni kosa yangu."

Walinzi wa kampuni walimfungia siku tatu. Alipotoka, habari ilikuwa imeshatangulia. Wateja wote, hata wale wenye vijimbwa vya kulala kitandani, walikuwa wamefuta namba yake.

Mechack alikuwa anamngoja uani, kwenye ile ndoo. Aliinuka bila fimbo.

"Mbombo, sheri wangu. Walikupiga?"

"Benzako bako wapi?"

"Walingoja ku ukuta imbwa zikufe baruke, mpaka saa ine. Imbwa zilikuwa hai. Walirudia." Akapiga magoti, akatoa pete mfukoni. "Nilikosa. Lakini nilikupigia, unaona? Niliacha kazi yote iharibike juu ya kukuokoa. Nikuoe, twende Dilolo, hakuna mutu atatujua."

Mbombo hakuitazama pete. "Ile Alhamisi, uliamka saa ngapi?"

"Mapema. Saa kumi na moja."

"Ulijua ninaonja?"

"Nilijua. Ulinielezaka."

"Mi nilitoka nyumba saa mbili. Masaa tatu nzima, Mechack, simu iko mu mukono yako. Ulikuwa unafanya nini?"

Lori likapita barabarani, na wote wawili wakangoja lipite.

"Nilikuwa nawaza," alisema.

"Unawaza nini?"

"Ukikataa kuonja, mzee hatalisha imbwa. Ile ndiyo nilikuwa nawaza." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nilisema kipande kimoja hakiwezi kuua mutu muzima. Nilisema utagonjwa tu, nitakuuguza. Kisha sikuweza. Mbombo, haki ya Mungu, mwishoni sikuweza."

Mbombo alimwangalia mtu ambaye kwa ajili yake alikuwa amelala siku tatu juu ya sementi. Alimwamini. Aliamini kila neno, hata yale masaa matatu.

"Bijou alikula kimoja," alisema.

"Nani Bijou?"

"Amuka, Mechack. Sitakutaja kwa mutu, mpaka nikufe. Lakini enda."

"Unanipenda?"

"Enda Dilolo."

Aliondoka anachechemea, na geti halikufungwa nyuma yake. Mbombo aliingia ndani. Mama Agnès, ambaye hakuambiwa kitu zaidi ya habari ya panya, alikuwa ameandaa sahani tatu za bukari.

"Na mukwe wangu? Nimesikia sauti yake."

"Haji tena, mama."

"Juu ya nini? Mwana wangu, kijana yule anakupenda!"

"Ndiyo, mama," Mbombo alisema. "Ananipenda."

Akaichukua ile sahani ya tatu, akairudisha bukari ndani ya chungu, na hapo ndipo alipoanza kulia.