Kamera ya Mama Futi

Kibanda changu kimepakana na cha Mama Futi. Mimi napiga picha za paspoti, yeye anashona nguo. Tunamwita hivyo kwa sababu futi yake ya kupimia haimtoki shingoni, hata akienda sokoni. Kati yetu kuna ubao mwembamba. Zamani nilikuwa namsikia akitaniana na mumewe kutwa nzima. Siku hizi nasikia cherehani tu. Cherehani ikinyamaza, najua anakiangalia kiti cha marehemu.

Mumewe alifariki mwaka jana. Wiki mbili baada ya mazishi, simu ya marehemu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Picha zote zikaenda nayo. Ilibaki moja tu, ile ya kitambulisho, amenuna utadhani kaonewa. Na yule bwana alikuwa mcheshi, jamani!

Jumatatu moja Mama Futi aliingia kwangu na boksi mkononi.

"Kaka, binti yangu anakuja Ijumaa na mjukuu wangu. Siku tatu tu, halafu wanahamia nchi nyingine. Sijui kama nitawaona tena. Nimenunua kamera. Safari hii sibaki mikono mitupu."

Kamera ilikuwa inang'aa. Mbele ilikuwa na namba 48 ya rangi ya dhahabu.

"Kwa nini umechagua hii, dada?"

"Zilikuwa nyingi, bei zinakaribiana. Nyingine zina kumi na mbili, nyingine kumi na sita. Hii arobaini na nane! Mimi ni fundi, kaka. Namba haidanganyi."

Hapo ndipo alipopotea. Fundi wa nguo anaamini namba kuliko macho yake.

"Haya, livute karibu lile bango la ng'ambo ya barabara, ulipige picha."

Akapiga. Tukaangalia. Herufi zote zilikuwa ukungu mtupu. Akanipiga picha mimi humo ndani ya kibanda. Uso wangu ukatoka madoa matupu.

"Mbona hivi?" akauliza.

"Namba hiyo inahesabu vitone vya picha, kwa mamilioni. Lakini lenzi ikiwa hafifu, vitone vingi havisaidii kitu. Kwa picha ya kuweka ukutani, milioni kumi na mbili zinatosha na kubaki."

"Na bango je? Si imelivuta?"

"Haijavuta. Lenzi yake haisogei. Imekata kipande cha picha, ikakikuza. Wewe ukikata kipande cha kitambaa ukakivuta kwa nguvu, kinakuwaje?"

"Kinaachana nyuzi."

"Basi ndiyo hivyo."

Machozi yakamlenga. "Ni pesa ya sare zote za shule nilizoshona muhula huu, kaka. Nimekwisha."

"Risiti unayo?"

"Ninayo."

"Basi inuka twende. Duka halijafungwa."

Risiti iliruhusu kubadilisha ndani ya siku saba. Muuzaji alinuna, lakini akatoa kamera ndogo zilizotumika. Mama Futi akanyoosha mkono kwenye iliyong'aa zaidi. Nikamzuia.

"Pole pole, dada. Kwanza iwashe. Lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza. Sasa kiangalie kioo cha lenzi kwenye mwanga. Kikiwa na ukungu ndani, iache. Betri ikiwa imevimba, iache. Na uliza kama betri za aina hiyo bado zinauzwa."

Akakagua moja moja, kama anavyokagua mshono. Akabaki na moja, kuukuu, ya milioni kumi na mbili. Kifuniko chake kilikuwa kimechubuka.

"Niijaribu pale mlangoni?"

"Mlangoni kuna jua, kila kamera inapendeza hapo. Nyumba yako ina dirisha moja. Jaribu kule nyuma, kwenye giza."

Akampiga picha muuzaji kule kwenye kona ya giza. Tulipoikuza picha, hata ndevu zake zilihesabika.

"Kijana mzuri, ila umenuna!" akamwambia. Muuzaji akacheka mwenyewe. Kamera ile ilikuwa na bei ndogo. Pesa iliyobaki ikatosha kadi ya kumbukumbu na chaja.

Nyumbani nikamwonyesha namna ya kuiweka mezani ipige picha yenyewe, ili naye aingie kwenye picha.

Ijumaa hadi Jumapili nilisikia kicheko cha mtoto kupitia ubao. Jumatatu sikusikia kitu, hata cherehani. Mchana akaja na kadi.

"Nisafishie hizi, kaka. Na nakala zake ziweke kwenye kompyuta yako. Sitaki tena zikae mahali pamoja."

Nikazisafisha. Moja ilionyesha wote watatu wamebanana kwenye kiti cha marehemu, wanacheka. Mama Futi akaiweka kando ya ile ya kitambulisho, aliyokuja nayo. Akazitazama kwa zamu.

Nikashindwa kunyamaza. "Dada, ile niliipiga mimi. Mimi ndiye niliyemwambia mumeo asicheke. Ndiyo sheria ya kitambulisho."

"Najua," akasema. "Aliniambia jioni ile ile. Alisema kidogo tu kicheko kimponyoke."

Akachukua picha zake akarudi kwake. Baada ya muda cherehani ikaanza, taratibu.

Tangu siku hiyo, kila anayekuja kwa picha ya paspoti nampiga mbili. Ya kwanza ni ya sheria. Ya pili namwambia acheke, na hiyo silipishi.