Fimbo ya Bibi

Shoga yangu, fundi cherehani, si mtu wa kuzua mambo. Haya alinisimulia mwenyewe.

Alikwenda kumjulia hali bibi yake, anayeuguzwa nyumbani kwa mjomba. Bibi hainuki kitandani. Akitaka maji hugonga ukuta kwa fimbo, na aliye karibu humwitikia. Siku hiyo mjomba alikuwa amechoshwa na kelele.

"Ondoka na hiyo fimbo, mwanangu. Katupe mbali, na sisi tupumue."

Shoga yangu akampokonya bibi fimbo. Roho mbaya hiyo, na nilimwambia hivyo hivyo usoni. Bibi hakulia. Alimkazia macho tu.

"Haya, mjukuu wangu. Sasa nikigonga, utaitika wewe."

Akapanda treni kurudi kwake. Ilipoiacha stesheni, akaitupa fimbo dirishani, akaisikia ikidunda kwenye mawe ya reli. Akatulia zake, akala karanga.

Kisha treni ikaingia handakini na taa zikazimika. Gizani, chini ya kiti chake, kitu kikagonga: ko, ko, ko. Taratibu, bila haraka. Mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Abee, bibi!"

Walipotokea kwenye mwanga, behewa zima lilikuwa likimtazama, na simu yake inaita. Mjomba alikuwa anafoka.

"Si nilikwambia uondoke na fimbo? Mbona umemrudishia?"

Nyuma ya sauti ya mjomba, bibi alikuwa akicheka na kugonga ukuta. Na kila alipogonga kule, sakafu ya behewa iligonga huku, mpaka abiria waliokaa karibu wakainua miguu.