Ko, Ko, Ko Bandani kwa Delbert

Ndugu zangu, nisikilizeni, maana haya niliyaona kwa macho yangu. Delbert Vondra na mkewe Irma walikuwa majirani zangu, na miaka thelathini na minane waliishi kwa amani. Asubuhi za baridi Irma alioka kolachi, vile vikate vitamu vyenye matunda ya plamu, wakanywa kahawa dirishani wakitazama theluji ikifunika mabua ya mahindi.

Amani hiyo ilitoweka Delbert alipoingiza bandani trekta kuukuu la babake. Alitaka lishinde mashindano ya kuvuta mizigo. Akaweka pistoni ndefu na kuchonga kichwa cha injini ili mgandamizo wa petroli ndani yake uongezeke. Tangu hapo hata chakula alikula kule bandani.

Mimi ni binti wa fundi, nikamwonya. "Delbert, injini hii ilitengenezewa petroli hafifu. Ukiibana hivyo petroli italipuka kabla ya wakati wake. Itagonga mpaka itoboe pistoni."

"Ikigonga nitasikia, dada Vlasta. Masikio yangu si mapambo."

Irma akadakia, "Ya injini tu hayo! Mimi namwita mara kumi, haitiki."

Tulicheka. Laiti tusingecheka.

Siku ya kuiwasha alipitisha bomba la moshi ukutani, akafunga mlango kuzuia baridi. Injini ikanguruma. Mara akasikia: ko, ko, ko.

Akachelewesha kidogo cheche inayowasha petroli. Ko, ko. Akabadilisha petroli, akatia iliyo bora. Ko. Alihangaika kwa muda wa karibu saa mbili, na sauti ikazidi kufifia, hatimaye ikakoma. Akafungua mlango kwa furaha.

"Irma! Njoo usikie, mke wangu! Haigongi tena!"

Irma alikuwa pale pale nje, chini ya ukuta wa bati. Alikuwa akimletea kahawa, akateleza kwenye barafu, akavunjika nyonga. Kikombe cha chuma alichogongea bati akimwita kilikuwa bado mkononi. Tulimkimbiza hospitali, lakini hakufika akiwa hai.

Delbert ameifungua injini ile mara nne sasa. Juzi alinishika mkono. "Dada Vlasta, sikiliza. Bado inagonga."

Pistoni zote zilikuwa mezani, zimepanguswa mafuta. Nilikaa naye tu.

FUNDISHO

Kupenda kazi si kosa, ndugu zangu. Lakini aliye wako akikuita, itika mara ya kwanza. Zima mashine, toka nje, ukamtazame usoni.