Kitambaa cha Sanda ya Brunstan

Mimi huosha maiti wa kijiji chetu. Kazi hii nilirithi kwa bibi, naye alinifundisha mambo mawili: uliyemwosha usimseme, na sanda yake usiipunguze. Haya ninayoeleza yanavunja la kwanza. La pili nililivunja zamani, kwa ajili ya kaka yangu Sired.

Siku ile ilikuwa ya kulima kama siku nyingine. Plau ya kwetu huvutwa na maksai wanane, na kwa kuwa hakuna nyumba yenye maksai wanane, majirani huchangiana. Niliwapelekea wanaume jibini na pombe ya shayiri, nikamkuta Sired amekwaruzana na jirani yetu Brunstan, aliyekataa kumtoa maksai wake eti anachechemea.

"Jana shambani kwako hakuchechemea," Sired alisema.

"Basi vuta wewe. Mabega unayo, kilichopungua ni pembe tu."

Tulicheka wote, hata mimi. Adhuhuri Brunstan alikutwa kifudifudi mtaroni, kisogo kimepasuka.

Sired alikamatwa kabla jua halijatua. Tangu Wafaransa waanze kututawala, miti ya kunyongea haikai mitupu, na msimamizi wao hakuwa mtu wa kusubiri. Kaka aliniita akiwa amefungwa kamba.

"Dada Leofrun, sikumgusa. Naapa kwa kaburi la mama."

Nilimwamini. Hakuwa na mtu mwingine duniani, wala mimi sikuwa naye mwingine.

Hakuna aliyeona kwa macho, kwa hiyo baraza likaamua aulizwe Mungu. Kaka angebeba chuma chekundu hatua tisa ndani ya kanisa, mkono ufungwe kitambaa, padri aupige muhuri wa nta. Siku ya tatu ungefunguliwa. Ukiwa unapona, yuko huru. Ukiwa na usaha, ni kamba.

Kitambaa cha kufungia huletwa na ndugu wa mshitakiwa. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Bibi alikuwa akisema nguo ya maiti hupoza moto, na kwamba aliyeuawa hamdhuru asiyemkosea. Nikawaza, nani wa kumtetea kaka yangu kuliko Brunstan mwenyewe? Brunstan nilikuwa naye mikononi, nimeshamwosha, bado kushona sanda. Nilikata ukanda pale penye mkono wake wa kulia. Mkono huo niliufahamu vizuri. Kidole kidogo hakikuwa na ncha, kilikatwa na mundu mavunoni, tukiwa watoto.

Nikashona, akazikwa.

Sired alifunga siku tatu kwa mkate, chumvi na maji. Kisha akabeba chuma. Nilizihesabu hatua zote tisa, na mkono ulilia kama mafuta kikaangoni. Padri akaufunga kwa kitambaa changu bila kuuliza.

Usiku wa kwanza nilimuuliza kama anaungua.

"Siungui," alinong'ona. "Ni baridi, Leofrun. Na mzito, kama umewekewa mawe."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Siku ya tatu kijiji kizima kilijazana kanisani. Padri alivunja muhuri, akafungua. Ngozi ilikuwa nzima. Haikuwa na lengelenge wala wekundu. Watu walipiga kelele za furaha, msimamizi akanuna kwa kukoseshwa mtu wa kunyonga, nami nilikuwa nalia kwa shukrani nilipokitazama kidole kidogo.

Hakikuwa na ncha.

Padri alikuwa anatafuta usaha, hakuangalia vidole. Aliyeangalia alikuwa Edild, mjane wa Brunstan. Alikuwa amesogea mbele amtemee kaka yangu mate. Mkono ukainuka wenyewe. Ukamwondolea nywele shavuni, polepole, ukazipeleka nyuma ya sikio. Sired aliutazama kama tulivyoutazama sisi. Edild hakupiga kelele. Alifumba macho, akauegemeza uso wake kwenye kile kiganja.

Tulipofika nyumbani Sired alifunga mlango.

"Ulinifunga nini?"

"Sanda yake. Nilijua hukumuua."

Alikaa chini, akauweka ule mkono magotini.

"Nilimpiga na nyundo ya plau," alisema. "Alikuwa amenipa mgongo. Umeniua, dada."

Hasira niliyoipata siwezi kuipima. Aliapa kwa kaburi la mama, na mimi kwa kiapo kile nikaiba sanda. Lakini alikuwa kaka yangu, na kila alipolala mkono ule ulipapasa ukutani ukitafuta mlango. Aliniomba tukaufukue mkono wake, ambao alisema sasa uko kaburini kwa Brunstan. Alisema akiupata wake, atamrudishia mwenyewe ule mwingine.

Tulikwenda alfajiri, kabla ya kengele ya kanisa. Sired alichimba, mimi nikashika koleo la pili. Udongo ulikuwa mlaini, haukutuchukua muda. Alipoipasua sanda niliziba pua.

Brunstan alikuwa ameoza. Mkono wa kulia haukuoza. Ulikuwa wa Sired. Kiganja kilikuwa kimeungua mpaka kwenye nyama, na usaha wa moto ulikuwa bado unachuruzika.

Vidole vilikuwa vinacheza.

Sired aliinama auguse. Mkono aliokuwa nao ukaikamata sanda. Ukakaza. Alivuta. Haukuachia. Ulikuwa umefika kwao, kwa Brunstan.

"Dada. Nitoe."

Niliruka shimoni. Nilimvuta kiunoni, nikamvuta shingoni. Ukuta wa shimo ukabomoka, udongo ukamfunika mpaka kifuani.

Sheria yetu ni moja kwa mkubwa na mdogo: ukiona mtu anakufa, piga yowe, na kila atakayesikia lazima aje. Nilifungua kinywa. Kisha nikawaza watakachokiona wakija. Kaburi wazi. Sanda iliyokatwa. Mwosha maiti ndani yake.

Nikainua macho. Edild, aliyekuwa akitoka kukamua, alikuwa amesimama juu yetu na ndoo ya maziwa mkononi.

"Fukia," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni kaka yangu, Edild."

"Najua. Fukia."

Kitu kikanishika kifundo cha mkono. Ulikuwa mkono ulioungua. Ulinishika kama Sired alivyonishika utotoni tukivuka mto, kidole gumba kikiwa juu ya mshipa. Ulikuwa unaomba. Niliujua kuliko mtu yeyote duniani.

Nilivibandua vidole vyake, kimoja kimoja. Nikapanda juu. Edild akaweka ndoo chini, akachukua koleo moja, mimi jingine. Sired aliniita mara tatu. Mara ya tatu hakumaliza jina.

Kijiji kilisema amekimbia aibu, na Edild hakuwahi kulitaja jambo hilo mpaka alipokufa. Nilimwosha mimi.

Ni miaka thelathini sasa. Kwenye kifundo changu pana kidonda chenye umbo la vidole, na hakuna dawa ambayo sijakipaka. Hakitoi usaha. Kila asubuhi nikikifungua hutoka udongo mweusi, mbichi, wenye mizizi midogo. Leo umejaa kijiko.